Voi Iko Katikati ya Njia ya Talanta, Mbona Vijana Warefu Wanapita Tu?

Msomaji wetu, kama umewahi kupanda SGR kutoka Mombasa kwenda Nairobi, unajua treni inapita Voi. Barabara kuu pia inapita Voi. Sasa shida ni hii: vijana wanaojua kudunda basketi huku Pwani nao wanapita Voi, wakienda kutafuta chuo mbali. Leo tuongee ukweli kuhusu hilo.

Kwanza shika rada. Marekani si kila chuo cha basketi ni kigogo. Kuna wale wenye doh ya TV, halafu kuna wale wa katikati: jina si kubwa, bajeti si kubwa, lakini wakisuka kikosi poa wanaangusha majitu. McNeese, chuo cha Lake Charles kule Louisiana, ni mmoja wao. Machi 2025 walitoa Clemson 69-67 kwenye mashindano makubwa ya NCAA, na watu wakabaki midomo wazi.

Unajua Mkenya gani alipitia McNeese? Tylor Ongwae. Ndiye yule alipiga kikapu cha mwisho Yaoundé, Februari 2021, Kenya ikachapa Angola 74-73. Baadaye mwaka huo tukarudi AfroBasket, mara ya kwanza tangu 1993. Kwa hivyo usidharau chuo cha mji mdogo.

Sasa leta hiyo hesabu Voi. Taita Taveta University, TTU kwa kifupi, ilipata hati yake ya kuwa chuo kikuu kamili 2016. Kaunti yenyewe ina watu 340,671 kwa sensa ya 2019. Hiyo ni idadi ya kutosha kabisa kutoa kikosi cha watu kumi na wawili. Ngori iko kwingine.

Ngori ni vile wachezaji wanapatikana. Kocha wa Marekani anaenda hadi kwa mama ya kijana, anakaa kwa kochi, anaweka ofa mezani. Kwa chuo cha umma hapa Kenya, mwanafunzi anajaza kozi kwa KUCCPS, alama zinaangaliwa, na system inampeleka inakompeleka. Haiulizi kama ana futi sita na nusu. Wakati huo, vyuo kadhaa vya kibinafsi vya Nairobi na viunga vyake vinampigia mchezaji simu moja kwa moja, vinampa ufadhili na mahali pa kulala. Utashindana nao aje?

Cheki safari ya Madina Okot. Dada ni wa Mumias, akacheza Kaya Tiwi kule Kwale, akaenda Zetech, halafu Mississippi State, na 2025 akahamia South Carolina, moja ya timu kali zaidi za wanawake Marekani. Msichana wa Magharibi alisomea Pwani, na ilipofika wakati wa chuo akarudi bara. Njia ya kutoka Kwale kwenda Nairobi inapita wapi? Enyewe unajua jibu.

Kama mimi ningekuwa na sauti pale TTU, ningeanza na timu ya wasichana, kwa sababu Pwani tayari ina shule zinazowafunza. Tena mchezaji akimaliza chuo, KPA iko Mombasa na timu zake zinacheza ligi kuu. Hiyo ni mboka, si ndoto.

Pili, ningeuza kozi kabla ya kuuza uwanja. TTU inajulikana kwa uhandisi wa migodi, na hii ni kaunti ya vito, tsavorite ikiwemo. Goti likiharibika ukiwa na miaka 22, kikapu hakitakulipia rent. Digrii itajaribu. Mzazi akisikia hivyo atakaa chini akuskize.

Tatu, ningeangalia upande wa Taveta. Moshi iko karibu na Voi kuliko Nairobi, na wachezaji wako huko pia. Lakini kabla ya kuvuka mpaka, pitia Kenyatta High Mwatate, Dr. Aggrey, Bura Girls, Murray Girls. Keti kando ya uwanja. Uliza majina.

Na usingoje. Mtihani wa mwisho wa KCSE ni 2027. Gredi ya 10 ya kwanza ilianza Januari 2026, na kuna mkondo mzima wa sanaa na michezo. Hao watafika chuo 2029. Kocha anayetaka kikosi cha 2029 anafaa kuwa anawajua kwa majina saa hii.

Najua utasema, "Wakiwa wakali si watahepa?" Ndio, wengine watahepa. Hata kocha wa McNeese mwenyewe alihamia NC State baada ya ile Machi tamu. Tangu 2024, mchezaji Marekani anaweza kubadilisha chuo mara kadhaa bila kukaa nje msimu, mradi masomo yake yako sawa. Hata vigogo wanapoteza watu. Lakini mtu akipitia kwako akawaka, wadogo zake watauliza alianzia wapi. Hapo ndipo jina la chuo linajengwa.

Sasa nikugeukie wewe mwenye mtoi mrefu kwa nyumba, pale Wundanyi ama Kasigau. Digrii kwa KUCCPS inataka C+, diploma inataka C-. Hakuna kocha atakayekusaidia ukipata chini ya hapo, hata uwe unadunda aje. Mwambie acheze, lakini asome. Na kabla ya kujaza fomu, piga simu idara ya michezo ya chuo unachotaka, uliza maswali matatu: kuna timu ya kudumu? Kuna msaada wowote wa karo ama hosteli? Nani analipa mchezaji akiumia?

Wakikujibu vizuri, poa. Wakinyamaza, pia umejua. Lakini siku simu kama hizo zitakuwa nyingi pale Voi, kuna mtu ofisini atalazimika kutafuta majibu.

Wewe unaonaje? Huyo mtoi wako apande treni aende, ama Voi imuonyeshe sababu ya kubaki?