Wana Mnyuzi, Tuache Kungoja Tajiri



Kila tunapokutana hapa Mnyuzi kuzungumza habari za kazi kwa vijana, swali huwa ni lile lile: tajiri wa kutufungulia kiwanda atakuja lini? Twasema wazi, bila kumwonea mtu haya: swali hilo ni mabaki ya utumwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Je, anayetegemea cha mtu asiye hata nduguye?

Tutazame mambo ya hapa hapa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mwenye moyo mwepesi angaliitupa. Wao waliipanda, wakaitunza, wakaizalisha, mpaka nchi yetu ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 ulitoka zaidi ya tani 230,000. Jasho lilikuwa la manamba. Faida ilikwenda kwingine. Mwaka 1963 reli ya kutoka Ruvu ikaja kuungana na ile ya Tanga papa hapa Mnyuzi. Sisi tukakaa kwenye njia panda, tukihesabu mabehewa ya wenzetu.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Serikali ilitwaa sehemu kubwa ya mashamba hayo. Ilikuwa haki. Lakini tusijidanganye. Kamba za plastiki zilikuwa zimeangusha bei, na uendeshaji wetu mbovu ukaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 tulitoa chini ya tani 40,000, na mashamba yakarudi mikononi mwa watu binafsi. Kumiliki kitu si kukiendesha. Somo hilo tumelilipia, tusilitupe.

Wako watakaotuambia, "Biashara ina wenyewe." Uongo! Wenyewe ni akina nani?

Mwaka 1844 katika mji wa Rochdale, Uingereza, wafumaji wa nguo na mafundi wenzao 28 walichanga pauni moja moja, wakafungua duka la unga, siagi na sukari. Walikuwa maskini kama sisi. Mpango wao ukaigwa duniani kote. Mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, juu ya reli hii hii, waliunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976 nacho kilivunjwa, lakini miaka ya 1980 wenyewe wakakifufua. Naye Said Salim Bakhresa wa Zanzibar alianza na mgahawa mdogo Dar es Salaam katika miaka ya 1970, akaingia katika kusaga nafaka. Leo kampuni yake ina viwanda hata Uganda na Malawi. Nani kati ya hawa alizaliwa na kampuni mkononi?

Walichokuwa nacho ni mambo matatu: kuweka akiba kidogo kidogo, kuirudisha faida kazini badala ya kuila, na hesabu iliyo wazi. Hilo la tatu ndilo linalotuua. Sisi wenyewe tulikuwa katika kikundi kilichokufa kabla ya kutimiza mwaka wa pili. Wateja walikuwapo. Lakini mweka hazina alikuwa shemeji ya mwenyekiti, daftari lililala uvunguni mwa kitanda chake, na aliyeuliza aliitwa mchochezi. Tulinyamaza kwa kuoneana haya, na fedha za kina mama zikayeyuka. Wazee walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi tufanye nini? Tuwe watu 28 kama wale wa Rochdale. Kila mmoja atoe shilingi 1,000 kwa juma. Kwa majuma 52 tutapata shilingi 1,456,000. Hazitajenga kiwanda, lakini zatosha kununua singa na kuanza kusokota kamba na kufuma mazulia, tukauze Korogwe, Muheza na Tanga. Singa inapita mlangoni mwetu. Kwa nini kamba tuinunue dukani? Chama kisajiliwe kwa sheria. Hesabu isomwe hadharani kila mwezi, na mwenye kushika fedha asiwe jamaa wa mwenye kuidhinisha. Faida ya miaka mitatu ya kwanza isigawanywe hata senti moja.

Anayetaka utajiri wa Jumamosi asije. Anayeweza kuanza na miche 62, aje na shilingi zake 1,000, na aje na macho ya kusoma daftari.

Tajiri tunayemngoja ameshafika, ndugu zetu. Ni sisi.