Chukudu ina sanamu Goma, lakini breki yake haina mwenyewe

Goma imeijengea chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Inastahili. Chombo hiki cha mbao cha magurudumu mawili hubeba viazi, kabichi, makaa na maji, na hakisimami hata petroli ikipanda bei. Lakini heshima ya sanamu haijafika kwenye breki.

Breki ya chukudu ni kipande cha tairi kuukuu juu ya gurudumu la nyuma. Dereva hukikanyaga, mpira unasugua gurudumu, mwendo unapungua. Chukudu inaposhuka kutoka Kibumba na mamia ya kilo, kipande hicho ndicho kinachomlinda dereva, pamoja na mama anayetembea kando ya barabara na kikapu kichwani.

Hesabu yake haina huruma. Mzigo ukiwa maradufu, kazi ya breki nayo ni maradufu. Mwendo ukiwa maradufu, kazi inakuwa mara nne. Mvua ikinyesha, mpira unateleza.

Wenye baiskeli za breki za mafuta wanajua kwamba hewa kidogo ikiingia kwenye mrija, mkono unaminya bure. Kwa hiyo hutoa hewa hiyo nyumbani, kabla ya safari. Breki ya chukudu haina mrija wala mafuta. Kuikagua ni kazi ya dakika chache: mpira umeisha? Umelegea? Unagusa gurudumu sawasawa?

Madereva watajibu kwamba wanalipwa kwa safari, na anayechelewa hukuta soko limekwisha. Ni kweli, na hapo ndipo lawama isiishie kwao. Mwenye mzigo ndiye anayeongeza gunia moja zaidi juu ya rundo, naye hayupo mteremkoni. Akitaka kabichi zake zifike, bei ya kipande cha tairi iwe ndani ya malipo ya safari, na dereva anayekataa gunia la ziada asinyimwe kazi kesho yake.

Vyama vya madereva navyo viweke mtu wa kukagua breki pale mizigo inapopakiwa, kabla ya mteremko kuanza. Kungoja ajali ndipo breki itazamwe ni kuchelewa.