Vita dhidi ya uharamia mtandaoni: Kampuni ya intaneti isigeuzwe hakimu

MJADALA kuhusu uharamia wa muziki na filamu huishia kwenye swali moja gumu: Kampuni inayomuunganishia mteja intaneti ina wajibu gani mteja huyo anapoitumia kubadilishana kazi za wengine bila idhini?

Wasanii hudai kampuni hizo zinavuna pale wasipopanda. Kampuni nazo hujitetea kwamba kazi yao ni kama ya barabara, na barabara haishtakiwi kwa sababu mwizi ameipitia.

Ufaransa ililijibu swali hilo kwa ukali. Mwaka wa 2009, Bunge lilipitisha sheria iliyobuni mamlaka iliyojulikana kama Hadopi. Wawakilishi wa wenye hakimiliki walinasa anwani za IP zilizotumika kubadilishana faili, kampuni za intaneti zikatakiwa kuwatambulisha wateja wenye laini hizo, kisha wateja wakaonywa mara mbili. Ambaye angeyapuuza maonyo hayo angekatiwa huduma.

Kasoro ilijitokeza mapema. Anwani ya IP huonyesha laini iliyotumika, wala si mkono uliobonyeza. Nyumba moja huwa na baba, mama, watoto na wageni, na kuwakatia wote intaneti ni kuwaadhibu wengi kwa kosa la mmoja.

Juni 10, 2009, Baraza la Katiba la nchi hiyo liliamua kwamba uhuru wa kujieleza unajumuisha uhuru wa kutumia intaneti, na kwamba chombo kisicho mahakama hakingeweza kuuondoa. Sheria ikarekebishwa mwaka huo huo, uamuzi wa kukata huduma ukakabidhiwa hakimu.

Kampuni zenyewe hazikuridhia mara moja. Maonyo yalipoanza kutumwa mwaka wa 2010, kampuni ya Free ilikataa kuyapeleka kwa wateja wake hadi serikali ilipotangaza faini ya hadi euro 1,500 kwa kila onyo ambalo halikupelekwa.

Matunda yake yalikuwa haba. Septemba 2012, mahakama moja mjini Belfort ilimtoza mtu faini ya euro 150, ingawa mkewe alikuwa amekiri kwamba ndiye aliyepakua nyimbo. Kosa la mume lilikuwa kutoilinda laini yake. Juni 2013, mteja mwingine aliamriwa akatiwe intaneti kwa siku 15, lakini amri hiyo haikutekelezwa. Mwezi uliofuata, serikali ikaifuta adhabu hiyo na kubakisha faini. Mwaka wa 2022, Hadopi yenyewe iliunganishwa na mamlaka ya utangazaji kuunda chombo kipya, Arcom.

Kenya ilipoirekebisha Sheria ya Hakimiliki mwaka wa 2019, ilifuata njia tofauti. Badala ya kumwandama mwenye laini, sheria inailenga kazi iliyowekwa mtandaoni. Mwenye hakimiliki hutuma ilani, kampuni humjulisha aliyeiweka kazi hiyo, na pingamizi isipowasilishwa katika muda wa saa 48 za kazi, kazi hufungwa. Anayetuma ilani ya uongo hutenda kosa la jinai.

Njia hii ina nafuu, kwani familia haikatiwi mawasiliano. Hata hivyo, hatari ni ile ile iliyotambuliwa na Baraza la Katiba la Ufaransa: adhabu kutangulia hukumu. Kampuni inayoogopa kushtakiwa ina sababu ya kufunga kwanza na kuuliza baadaye, na msanii chipukizi asiye na wakili huenda akashindwa kujitetea katika muda huo mfupi.

Ni kweli kwamba kesi zikivuta miaka mingi, msanii aliyeibiwa hubaki mikono mitupu. Dawa ya hilo ni mahakama kuzisikiliza kesi hizi kwa haraka. Kumtwika mfanyabiashara mzigo wa kuamua nani mwizi na nani mwenye mali hakumfai msanii wala mteja.