Figo mpya: Hesabu huanza baada ya upasuaji

Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, ikisaidiwa na madaktari kutoka India. Shangwe zilistahili. Hata hivyo, mafanikio ya tiba hii hayapimwi siku mgonjwa anaporuhusiwa kutoka wodini.

Mkazi wa Bagamoyo aliyepewa figo na nduguye hulazimika kumeza kila siku dawa za kuzuia mwili usiikatae. Akizikosa, figo yaweza kufa. Akizimeza, kinga yake hushuka, kifua kikuu kikapata mwanya. Baadhi huleta kisukari, na takrolimasi ikizidi katika damu huidhuru figo ileile inayolindwa. Kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara, na Muhimbili iko umbali wa kilomita 70 hivi. Nauli nayo, basi, ni sehemu ya tiba.

Ufuatiliaji wa miaka si jambo geni Bagamoyo. Kati ya 2009 na 2014, kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara mjini humo kilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, watoto wakifuatiliwa hadi majumbani. Waliopandikizwa figo wanastahili daftari kama hilo, lionyeshe figo ngapi bado zinafanya kazi mwaka wa tano.