Kiingereza cha Kazini Nacho Kina Adabu Yake

Wanafunzi wetu wapenzi,

Kila mwaka baadhi yenu humaliza skuli na kuingia kazini: hoteli za Nungwi na Paje, maduka ya Mji Mkongwe, uwanja wa ndege na maofisini. Huko mnakutana na wageni na wakubwa wa kazi wanaozungumza Kiingereza. Tunasikitika tunaposikia kijana aliyelelewa chuoni, mpole kwa wazee wake, anaitwa jeuri kazini. Mara nyingi kijana huyo si jeuri. Anachokosa ni maneno.

Sisi walimu wenu tunaona kuwa Kiingereza cha adabu kinafaa kujifunzwa kwa bidii, na hatukubaliani na wanaosema kuwa "please" na "thank you" ni kujifanya Mzungu. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Zayd bin Thabit (R.A.) ajifunze lugha ya Mayahudi, kwa sababu haja ilikuwapo. Haja yenu leo ni riziki ya halali na heshima yenu.

Tazameni tofauti. Kiswahili chetu huweka adabu ndani ya kitenzi: "naomba", "nipatie", "nisaidie". Ukifasiri "nipe kalamu" kuwa "Give me the pen", kwa Mwingereza inakuwa amri. Sema "Could you pass me the pen, please?" Kama hukumsikia mtu, usiseme "What?", bali "Sorry, could you say that again?" Mkubwa wako akiwa hayupo, usijibu "He is not here" ukanyamaza. Sema "I'm afraid he's out. Can I take a message?" Neno "afraid" hapo si kuogopa, ni kuonyesha masikitiko.

Liko kosa jengine kubwa zaidi, nalo ni kujibu swali la kukanusha. Kwetu mtu akiulizwa "Hujafunga stoo?" naye hajafunga, hujibu "Ndiyo", yaani ni kweli sijafunga. Akiulizwa "Haven't you locked the store?" akajibu "Yes", msimamizi ataelewa kuwa imefungwa. Asubuhi mali ikikosekana, kijana ataitwa mwongo, hali yeye alisema kweli kwa kipimo cha lugha yake. Jibu ni "No, I haven't. I'll do it now."

Mtauliza: je, adabu hii haitatufanya tukubali kila tunaloambiwa? La, hasha. Adabu ndiyo inayomwezesha Muislamu kusimama na dini yake bila ya ugomvi. Anayetoweka ghafla ikiingia Adhuhuri ataandikwa mtoro. Anayesema mapema "May I take ten minutes for prayer, please? I'll make up the time" ameomba na ameahidi, na ahadi hiyo lazima aitimize. Binti akinyooshewa mkono na mgeni mwanamume, asigeuze uso. Aweke mkono kifuani na aseme "I'm sorry, I don't shake hands, but you're very welcome." Anayeagizwa kupeleka ulevi mezani aseme "I'm sorry, I can't serve alcohol. May I do another job instead?" Huenda akakataliwa, lakini haitasemwa kuwa kilichomponza ni ulimi.

Rai yetu ni hii. Fanyeni mazoezi wawili wawili baada ya darasa, mmoja awe mgeni na mwengine mfanyakazi, kisha mbadilishane. Msichekane kwa matamshi. Na sisi walimu tutenge nusu saa kila wiki kwa jambo hili, wala tusidhani kuwa linapunguza masomo ya dini, kwani tabia njema ni sehemu ya dini yenyewe.

Wahenga walisema uungwana ni vitendo. Lakini kazini mgeni huanza kuusikia kabla hajauona.

Wabillahi tawfiq.