Ile video ya binamu wa majuu niliifuta, na hii ndiyo sababu

Wasee, kuna video yangu moja ya 2019 ambayo wengi wenu mliipenda sana. Nimevaa koti la baridi kwenye jua kali, nimeshika simu, najifanya binamu wa majuu aliyepigiwa simu kuambiwa nyanya amefariki. "Aki ningekuja, lakini kazi ni mingi, mniambie tu mchango ni ngapi." Nyuma yangu wanaume wawili wanachimba kaburi. Mlicheka, mimi pia nikacheka. Ilikuwa video yangu ya kwanza kupita watazamaji elfu mia moja.

Bado kuna watu wananiuliza ilienda wapi. Niliifuta. Imenichukua miaka kukubali kuandika kwa nini, kwa hivyo leo mnivumilie, hii si posti ya kuchekesha.

Ile stori niliitoa kwa matanga ya shosho wangu mwenyewe. Alizikwa Murang'a, siku ya matope, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kushika simu ili binamu yangu wa Texas afuatilie laivu. Huku ilikuwa saa sita mchana, kwao saa kumi za usiku. Mtandao ulikuwa unakatika kila baada ya dakika mbili. Wazee waliokaa nyuma yangu kwenye hema walianza kuongea: huyu ni nesi, ana gari, nauli ndiyo imemshinda? Mjomba mmoja akasema wazi kwamba mtoto akishavuka maji husahau titi alilonyonya. Simu ilikuwa haijazimwa.

Wiki mbili baadaye nikatoa video. Binamu yangu hakunitukana wala hakunifungia WhatsApp. Alinituma picha moja tu, ya kadi yake ya ruhusa ya kazi, kidole kimeziba namba na kuacha tarehe ya mwisho. Chini yake akaandika: "Nikitoka huku sirudi. Shosho alijua."

Shosho alijua, na sisi wengine wote tulikuwa tunasema.

Wacha niwaeleze vile mambo yalivyo, maana mpaka wakati huo mimi sikujua chochote, na naona kwa komenti zenu kwamba wengi bado hamjui. Anti yangu alitoka Kenya 2003 na viza ya kutembea. Alikuwa na watoto wawili, msichana wa miaka saba na mvulana wa miezi michache. Viza ikaisha, hawakurudi. Sababu zake ni zake, na kusema ukweli kama ningekuwa na ndoa ile aliyoiacha huku hata mimi nisingerudi. Akaanza kulea wazee wa watu majumbani mwao, kazi ya kulipwa keshi. 2008 akapata mtoto wa tatu hukohuko.

Sasa fikiria watoto watatu, nyumba moja karibu na Dallas, wanakula kutoka sufuria moja. Sheria ya Marekani inawaona kama watu wa nchi tatu tofauti.

Kitinda mimba ni Mmarekani kwa sababu alizaliwa pale. Huyo hana stori.

Msichana, yaani binamu yangu, ana DACA. Huu ni mpango uliotangazwa na serikali ya Obama tarehe 15 Juni 2012, kwa vijana walioletwa Marekani kabla ya kufikisha miaka 16, waliokuwa wakiishi huko tangu Juni 2007, wasiozidi umri wa miaka 30 siku ile ya tangazo, walio shuleni au waliomaliza, na wasio na makosa makubwa ya jinai. Ukikubaliwa unapata miaka miwili ya kutofukuzwa na ruhusa ya kufanya kazi. Miaka miwili ikiisha unajaza tena, unalipa tena. Ada kwa miaka mingi ilikuwa dola 495. Watu takriban nusu milioni bado wanaishi hivyo, wengi wao wakiwa watu wa Mexico, ndiyo maana sisi hudhani ni mambo ya Wamexico tu.

Na DACA si grini kadi. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Haikupeleki popote. Binamu yangu ameijaza tangu akiwa shule ya upili, sasa anakaribia miaka 30, na kwa hesabu ya sheria hajasogea hata hatua moja kuelekea ukaazi wa kudumu. Ni kama kukaa stendi ukilipia kiti cha kungojea basi ambalo halijawahi kununuliwa.

Kuhusu mazishi: ukiwa na DACA unaweza kuomba kibali maalumu cha kusafiri na kurudi, na kufiwa ni sababu inayokubalika. Lakini Septemba 2017 serikali ya Trump ilipotangaza kuufuta mpango, vibali hivyo vilisimamishwa, na havikurudi kawaida hadi mwisho wa 2020. Shosho alifariki katikati ya hiyo miaka. Hata angekuwa na nauli ya ndege nzima, pale uwanja wa ndege wa kurudia angekuwa mgeni asiye na viza.

Kijana wa kati ndiye ananiuma zaidi. DACA huwezi kuomba kabla ya kufikisha miaka 15. Yeye alifikisha 2018, wakati mlango ulikuwa umefungwa kwa waombaji wapya. Juni 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba serikali haikufuata utaratibu ilipoufuta mpango. Disemba mlango ukafunguliwa tena. Anti akachanga pesa, wakajaza fomu mapema 2021. Julai mwaka huohuo jaji mmoja wa Texas akaamua kwamba mpango wenyewe si halali, na maombi mapya yakazuiwa. Walio nao waendelee kuhuisha, wapya wasubiri. Fomu yake iko mahali fulani kwenye faili mpaka leo. Ada walishalipa.

Kwa hivyo dada ni nesi aliyesajiliwa, ana leseni ya kuendesha gari, analipa kodi. Kaka yake, waliokuja naye kwa ndege moja, yeye amebebwa mgongoni, hawezi kuajiriwa kwa njia halali hata kuosha vyombo hotelini. Texas haimpi leseni ya gari. Shule ya msingi na ya upili alisoma bure, maana Mahakama ya Juu iliamua 1982 kwamba mtoto hafukuzwi darasani kwa sababu ya makaratasi. Kwa hivyo nchi ilimlipia miaka yote hiyo, ikamfundisha historia yake, ikamvalisha joho la kuhitimu, kisha ikamwambia asifanye kazi. Mimi hapo akili yangu inagoma kabisa.

Tena kuna kitu niliambiwa nikadhani ni mzaha. Ukikaa Marekani bila makaratasi zaidi ya mwaka mmoja kisha ukaondoka, sheria ya 1996 inakufungia nje miaka 10. Lakini siku hazihesabiwi ukiwa chini ya miaka 18. Maana yake, zawadi ya huyu kijana ya kutimiza miaka 18 ilikuwa saa kuanza kuhesabu. Alipofika 19 na kitu hivi, miaka 10 ilikuwa tayari inamngoja mlangoni.

Najua mtaniuliza: si wajaribu ile bahati nasibu ya grini kadi, ile iliyokuwa ikijaza saiba kila Oktoba? Aliye ndani bila makaratasi hata akishinda hawezi kubadilishiwa akiwa huko. Lazima atoke kwa mahojiano, na akitoka, miaka 10. Si yule mdogo wao awaombee? Akifikisha 21 anaweza kumwombea mama yao, na kwa sababu mama aliingia na viza halali, anaweza kufaulu. Ndugu ni hesabu nyingine. Foleni ya ndugu huchukua zaidi ya muongo, na mwishowe mtu aliyepitisha viza bado anatakiwa atoke nje. Basi binamu aolewe na Mmarekani? Hiyo inawezekana kisheria, kwa sababu hiyohiyo ya kuingia na viza. Nilimuuliza siku moja, kwa ujinga wangu. Akanijibu kwamba hataki kuamka kila asubuhi akijiuliza kama huyu aliyelala hapa ni mume au ni fomu. Sikuuliza tena.

"Wafuate foleni" ndiyo komenti ninayoiona sana, hata kutoka kwa Wakenya waliofika na viza ya masomo. Kwao ilikuwepo foleni. Kwa kijana aliyeletwa akiwa na miezi michache, mwonyesheni mwisho wa foleni uko wapi, asimame.

Na si ati watu hawajajaribu. Mswada wa DREAM uliletwa bungeni mara ya kwanza 2001, na maseneta wawili wa vyama viwili tofauti, Dick Durbin wa Democratic na Orrin Hatch wa Republican. Disemba 2010 ulipita Bunge la Wawakilishi, ukafika Seneti ukapata kura 55. Zilihitajika 60. Kura tano, wasee! Machi 2021 Wawakilishi wakapitisha mswada mwingine wa aina hiyo, Seneti ikaukalia. Disemba 2024 hata Trump mwenyewe alisema kwenye televisheni kwamba yuko tayari kushirikiana na Democrats kuwasaidia hawa vijana. Kilichofuata ni Januari 2025, mahakama ya rufaa ikatoa uamuzi unaoweza kuwaacha wenye DACA wa Texas na kinga ya kutofukuzwa lakini bila ruhusa ya kufanya kazi. Nesi asiyeruhusiwa kufanya kazi. Mwaka huohuo zikaanza kusikika habari za wenye DACA kukamatwa na maafisa wa uhamiaji.

Wale wa "sheria ni sheria" nawaelewa, mimi pia sipendi mtu akiruka foleni Huduma Centre. Lakini hiyo sheria si mawe ya Musa. Mwaka 1986 Rais Reagan, ambaye si mtu wa kushoto hata kidogo, alitia sahihi sheria iliyowapa makaratasi watu karibu milioni 2.7. Na kuna kifungu kingine ambacho hakitajwi sana: mtu aliyeishi Marekani mfululizo tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1972 anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, hata kama aliingia kinyemela. Hiyo tarehe ilikuwa ikisogezwa mbele mara kwa mara. Mara ya mwisho kusogezwa ni hiyo 1986. Mama yangu 1972 alikuwa bado ananyonya. Kusogeza tarehe kwenye sheria iliyopo hakuhitaji hata kuvumbua kitu kipya, na kwangu mimi hiyo ndiyo njia iliyonyooka kuliko zote, kuliko hii ya kubahatisha majaji kila baada ya miaka miwili.

Sisi wenyewe tumewahi kufanya hivyo. Wamakonde waliletwa Pwani kutoka Msumbiji enzi za mkoloni kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Wajukuu wao walizaliwa Kwale, wakasoma Kwale, wakazeeka bila kitambulisho. Sheria yetu ya 2011 ilisema aliyekuwepo tangu tarehe 12 Disemba 1963, pamoja na vizazi vyake, aweze kusajiliwa, na bado ikabaki kwenye karatasi. Oktoba 2016 wakafunga safari kutoka Kwale hadi Ikulu, Nairobi. 2017 vitambulisho vikaanza kutoka. Wakafuata Washona, kisha Wapemba. Kuna mtu hapa amekosa ugali kwa sababu Mmakonde ana kitambulisho?

Na mniwie radhi, kuna jambo la sisi Wakenya linaloniudhi kuliko hata Seneti yao. Kila video ya mtu aliyefukuzwa Marekani ikitokea, komenti za kwanza ni zetu. "Karibu nyumbani, njoo tuteseke pamoja." Mimi nimeandika komenti kama hizo. Yule kijana wa Dallas akiletwa kesho na kushushwa JKIA, Kenya haijui. Kikuyu chake ni "wĩ mwega" na jina la shosho. Kiswahili anakielewa kidogo kwa sababu ya video zangu, alivyoniambia mwenyewe. Pasipoti yake ya utotoni iliisha zamani. Ni Mkenya, hilo halina ubishi, wazazi wake ni Wakenya. Lakini ukimuuliza nyumbani ni wapi atakutajia barabara iliyo nyuma ya shule yake.

Mwaka jana niliwaomba msamaha wote wawili, kwa simu ya video, nimekaa palepale kwa kaburi. Migomba imekua, jina kwenye msalaba limeanza kufifia. Binamu yangu alilia kidogo kisha akaanza kunielekeza nipake rangi gani. Tarehe yake inayofuata ya kujaza fomu ni Novemba, na ameshaanza kuweka pesa kando.

Kaka yake hakusema mengi. Baada ya kukata simu alinitumia ujumbe akiuliza ploti ya nusu robo ekari pale Kenol ni pesa ngapi siku hizi. Nilianza kuandika jibu la mzaha, nikafuta. Nikamwambia nitamuulizia.