Fimbo Haimfundishi Mbwa

Wengi wetu tukileta mtoto wa mbwa nyumbani, kazi ya kwanza ni kukata fimbo. Akikojoa ndani, anachapwa. Mimi sikubaliani na desturi hiyo.

Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hawezi kuzuia mkojo kwa muda mrefu. Hukojoa akiamka, akimaliza kula na akimaliza kucheza. Basi nyakati hizo mtoe nje, mpeleke mahali pale pale kila siku, mbali na kisima na jiko. Akijisaidia huko msifu kwa sauti, hata jirani akicheka. Kinyesi kifukiwe, maana huwa na minyoo inayodhuru watoto. Akikojoa ndani, paoshe vizuri. Akisikia harufu atarudia hapo hapo.

Ukimchapa baadaye, hajui kosa lake. Anajifunza kuogopa mkono wa mtu tu. Mbwa mwenye hofu huuma upesi, na mara nyingi anayeumwa ni mtoto.

Akitimiza miezi mitatu, mpeleke kwa bwana mifugo apate chanjo ya kichaa cha mbwa. Mzoeze kamba tangu sasa, ili siku hiyo usimburute njia nzima.